Muulize Mzee wa Studio: Wajapani wa kwenye picha za zamani

Toleo lililopita tulichapa ukurasa mzima wa picha za zamani za Wajapani: mabinti wenye miavuli ya karatasi, wachukuzi wa machela, na samurai mmoja aliyekunja uso kana kwamba anadai kodi ya nyumba. Barua zimekuja nyingi. Waliouliza namna ya kupata viza ya Japani wanisamehe. Safu hii ni ya picha, na mimi kazi yangu ni picha tu, hapa hapa Jinja.

Shikamoo Mzee. Mlisema yule msichana wa kimono ya zambarau alipigwa picha miaka ya 1880. Mwalimu wetu chuoni anasema filamu za rangi zilikuja baadaye sana. Tumwamini nani?
*Mwanafunzi, Wandegeya*

Marahaba. Waamini wote wawili. Picha ni ya wakati huo na mwalimu wako hajakosea, kwa sababu ile zambarau haikutoka kwenye kamera. Imepakwa kwa brashi, kwa mkono, juu ya picha iliyokuwa ya rangi ya kahawia.

Kazi hiyo naijua. Nilipoingia studio nikiwa kijana wa kufagia, tajiri wangu wa Kihindi alikuwa na kisanduku cha rangi za maji, na bibi harusi aliyeongeza pesa alipakwa midomo, mashavu na maua aliyoshika. Mashavu ndiyo yenye kesi. Ukizidisha tone moja, mama mtu anakuja kuuliza nani amempiga binti yake.

Sasa, mjini Yokohama kazi hiyo ilifikishwa mahali ambapo sisi hatukufika. Felice Beato, mpiga picha mzaliwa wa Italia, alifika bandari hiyo mwaka 1863, akaajiri Wajapani wampakie rangi, watu wa nchi ambayo tayari ilikuwa na mafundi hodari wa picha za kuchapwa kwa vibao vya mbao. Mmoja wa wapaka rangi wake, Kusakabe Kimbei, baadaye alifungua studio yake mwenyewe, na picha nyingi unazoziona leo zikitembea kwenye simu ni zake. Mtaliano mwingine wa mji huo huo, Adolfo Farsari, alijulikana kwa kutowaharakisha wafanyakazi: mpaka rangi wake mmoja alitoa picha mbili au tatu kwa siku, basi. Nawahusudu. Mimi Jumamosi ya harusi nilikuwa nasimamiwa kichwani.

Karatasi yenyewe ilipakwa ute wa yai uliotiwa chumvi, kisha dawa yenye madini ya fedha. Ndiyo maana ukiinamisha picha halisi kwenye mwanga inang'aa kidogo, na mwilini ina nyufa nyembamba sana. Chukua kioo cha kukuzia uangalie mkono wa nguo pale unapokutana na ukuta wa nyuma. Utaona zambarau imeruka mpaka, imemwagikia ukutani unene wa uzi. Halafu tafuta nakala nyingine ya picha hiyo hiyo. Mara nyingi utamkuta msichana yule yule, kwa mkao ule ule, amevaa kijani. Kwa hiyo mkato wa nguo uamini, fundo la mshipi uliamini, nywele uziamini. Rangi usiape nayo.

Na hali ya hewa pia usiiapie. Kuna picha maarufu ya msichana anayepambana na dhoruba, mwavuli umeinama, pindo la kimono limepeperuka nyuma. Ilipigwa ndani ya studio. Pindo limevutwa likashikiliwa lisianguke, na mvua yote ile ni mikwaruzo iliyochorwa kwenye hasi ya kioo, yaani kile kioo cha kuchapia picha. Picha za namna hii zilitengenezwa kwa ajili ya wageni waliokuja na meli wakataka kurudi kwao na albamu yenye jalada lililopakwa rangi nyeusi ya kung'aa. Waliomo ni watu waliolipwa kukaa. Sisi tulikuwa na pazia lililochorwa ndege, na nusu ya Busoga imesafiri nalo, lakini angalau kwetu aliyekaa ndiye aliyelipa.

Mzee wa Studio, mteja ameniletea picha ya mwanamke wa Kijapani wa zamani. Anataka nishone nguo hiyo kwa kitenge, aivae kwenye kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho, ya dada yake. Picha moja inaonyesha upande wa kulia uko juu, nyingine wa kushoto. Upi ni sahihi? Na ni kweli gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, ilitokana na kimono?
*Fundi cherehani, Owino, Kampala*

Kushoto juu ya kulia, mwanamke na mwanamume, bila mjadala. Nasema kushoto kwa mvaaji; wewe unayemtazama utaona ukosi umekaa kama herufi y ndogo. Amri ya kufunga hivyo ilitolewa Japani mwaka 719, na hadi leo kulia juu ya kushoto ni namna ya kumvalisha maiti. Kwenye kwanjula hutaki habari hiyo.

Ile picha yako inayoonyesha kinyume, karibu zote za namna hiyo zimegeuzwa. Hasi ya kioo ina pande mbili, na aliyesafisha picha akiiweka upande usio wake, dunia nzima inageuka. Siku hizi simu nazo zinageuza. Kwenye picha za samurai ni rahisi kugundua: upanga huvaliwa nyonga ya kushoto. Ukiuona kulia, shuku picha kabla hujamshuku mtu.

Tuje kwenye mkasi, maana hapo ndipo utafurahi. Kimono haikatwi kwa mviringo hata mahali pamoja. Kitambaa chake ni jora lenye upana wa sentimita 36 hadi 38 na urefu wa karibu mita 12, nalo hukatwa vipande vilivyonyooka tu. Kitenge chako cha yadi 6 kina upana wa inchi 45 hivi. Kipasue sehemu tatu kwa urefu, utapata mikanda mitatu ya upana huo huo, zaidi ya mita 16 kwa jumla. Inatosha na kubaki. Mikanda miwili inapita mabegani, kutoka pindo la mbele mpaka pindo la nyuma, bila mshono begani. Mikono ni vipande viwili vilivyokunjwa. Vipande vyembamba vya kuongezea mbele pamoja na ukosi vinatoka kwenye mkanda uliogawanywa katikati. Nguo ya kike iache wazi kidogo chini ya kwapa, na urefu usiukate kwa kipimo cha mteja: kinachozidi kinakunjwa kiunoni, kinafichwa na mshipi.

Tahadhari moja ya kitenge. Kwa kuwa begani hakuna mshono, ua au ndege anayesimama wima kifuani atakuwa kichwa chini mgongoni. Mwambie mteja achague nakshi isiyo na juu wala chini, la sivyo kuku wake watatembea kwa vichwa nyuma yake siku nzima.

Muulize pia kama ameolewa. Mikono mirefu inayoning'inia karibu na vifundo vya miguu ni ya msichana asiyeolewa. Mke wa mtu anavaa mifupi. Mshipi, yaani obi, utafutie kitambaa kingine kizito, upana wa sentimita 30, urefu wa mita 4 hivi, fundo likae nyuma. Zile picha za zamani zenye fundo kubwa mbele, nyingi ni za malaya wa ngazi ya juu waliokaa mitaa yao maalumu. Usimfanyie hivyo dada wa bibi harusi.

Kuhusu gomesi, hapana. Historia inayojulikana ni ya Caetano Gomes, mshonaji kutoka Goa aliyefanya kazi Kampala mwanzoni mwa karne iliyopita, na wasichana wa shule ya Gayaza aliowashonea. Kisha Irene Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, akaivaa mwaka 1914 mumewe alipotawazwa, na baada ya hapo nani angeikataa? Gomesi ina vifungo viwili karibu na bega la kushoto, kimono haina kifungo. Gomesi imesimamisha mabega juu, kimono inayaacha yaanguke. Kinachowachanganya watu ni mshipi. Anayesema nguo hizi ni ndugu kwa sababu ya mshipi, muulize kama padri na mcheza karate nao ni ndugu.

Kwa nini hawa watu hawacheki?
*Msomaji, Mityana*

Kwa sababu ukicheka sekunde kadhaa bila kutikisika unaonekana mgonjwa. Na wanawake wengi walioolewa walikuwa wamepaka meno rangi nyeusi kwa dawa ya chuma na siki. Kwao huo ulikuwa urembo, ila si wa kuonyesha kamera. Mke wa mfalme aliacha kupaka mwaka 1873, na wengine wakafuata polepole.

Mzee, babu yangu alikuwa keya, askari wa King's African Rifles ya Mwingereza, akapigana Burma. Kwenye sanduku lake la bati kuna picha ndogo ya mwanamke wa Kijapani ameketi, kimono nyeusi, na mvulana amesimama kando yake na kofia ya shule. Nyuma kuna maandishi ya wino. Baba anasema tusiiguse. Shangazi anasema huyo ni mke wa babu wa huko. Nimekutumia nakala kwa simu. Ni nani huyu, na tuifanye nini?
*Mjukuu, Koboko*

Mwanangu, hii ndiyo barua niliyoisoma mara nyingi kuliko zote.

Kwanza shangazi atulie. Babu hakuoa huko. Batalioni ya 4 ya keya, ile ya Uganda, ilikuwa katika Brigedi ya 21 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na divisheni hiyo haikukanyaga Japani. Ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, kwenye matope na malaria, ikiwafukuza Wajapani walioshindwa Imphal na Kohima huko India, mpaka ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Wajapani wengi katika njia ile hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa na kuhara, wamekaa chini ya miti, mizigo yao kando. Ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na vitu ambavyo karibu kila askari wao aliondoka navyo nyumbani: bendera iliyotiwa saini na majirani, mshipi wa kitambaa ulioshonwa na wanawake elfu, kila mmoja mshono wake mmoja, na picha ya familia. Askari wa upande wa pili waliviokota. Babu yako hakuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Sasa tuitazame picha. Nimeikuza kwenye kompyuta mpaka ikaanza kuvunjika. Huyu si binti wa Yokohama wa kuuziwa watalii. Hana mwavuli, hana ua la cheri, hana hata pazia lililochorwa. Nyuma yake ni ukuta mtupu na ukingo wa zulia. Kifuani, chini kidogo ya mabega, ana alama mbili ndogo nyeupe, kila moja kubwa kama sarafu. Hizo ni nembo za ukoo. Kwenye nguo ya heshima kubwa huwa tano: hizi mbili, moja nyuma ya kila mkono, na moja mgongoni. Mikono ni mifupi, na nakshi iko chini tu, karibu na goti. Kimono nyeusi ya namna hiyo ni ya mwanamke aliyeolewa, anaivaa kwenye shughuli nzito kama harusi ya jamaa wa karibu. Ukosi umefungwa kushoto juu ya kulia, kwa hiyo picha haikugeuzwa.

Kwa karatasi yake na kofia ya mtoto, naiweka mwishoni mwa miaka ya 1930 au mwanzo wa 1940. Mwaka 1940 serikali yao ilikuwa inabandika mabango kwamba anasa ni adui, na vita vilipokolea wanawake walivaa suruali pana za kazi. Mwanamke anayetoa sandukuni kimono nzuri kuliko zote wakati kama huo, akamtia mwanawe sare, akaenda studio, ana sababu. Baba hayumo kwenye picha. Mimi nimepiga picha nyingi za wake na watoto ambazo baba hayumo, kipindi ambacho hapa kwetu waume walikuwa kambini au uhamishoni, na nakwambia mkao ni huu huu: mama haangalii kamera kama mtu anayepigwa picha, anamwangalia mtu. Picha hii ilipigwa ili itumwe au ichukuliwe safarini.

Kuna kitu kimoja nataka ufanye kabla ya vyote. Kona ya chini kulia, kwenye kadi, nakala yako inaonyesha kivuli kidogo cha mraba. Nadhani ni muhuri wa kubonyeza wa studio. Usiku, zima taa, weka tochi mezani ubavuni mwa picha, mwanga uipitie juu kwa kulala. Muhuri utainuka. Upige picha kwa simu bila mwanga wa simu. Mihuri hii aghalabu hubeba jina la studio na mji. Ukishaupata mji, pamoja na maandishi ya nyuma, unaweza kuwa umemaliza nusu ya safari.

Mambo ya kutofanya: usiipeleke ikatiwe plastiki ya moto, hata kijana wa mashine akikuapia. Usiibandike kwenye albamu kwa gundi. Usiiweke kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, inatoa jasho. Bahasha safi ya karatasi, ndani ya kitabu kizito, mbali na ukuta unaoonyesha unyevu. Shika kingo tu.

Kisha chukua nakala, si picha yenyewe, muipeleke ubalozi wa Japani hapo Kampala, muombe kusomewa maandishi. Lipo pia shirika liitwalo OBON Society, jimbo la Oregon huko Marekani. Kazi yao kubwa ni kuzirudisha zile bendera za askari kwa familia zao, bila malipo, na vitu vya binafsi vya aina hii wanavielewa. Mtoto wa kofia, akiwa hai, ni mzee kunizidi mimi.

Baba yako msimpuuze. Anaposema isiguswe, huenda anakumbuka namna babu mwenyewe alivyoishika. Kaa naye chini, umuulize kama babu aliwahi kusema lolote juu yake, na uandike atakachokujibu hata kikiwa kifupi. Ruhusa itoke kwake. Lakini mkinitaka maoni, ningewatumia wenyewe picha, na kwenye sanduku ningebakiza nakala pamoja na maelezo ya nani aliitunza miaka yote hiyo. Nakala nitawatengenezea bure, mkipita Jinja.

Mzee, saluni yangu nimetundika picha kubwa ya samurai mwenye deraya na upanga. Mteja mmoja anasema huyo ni mwigizaji. Nimuondoe ukutani?
*Kinyozi, Mbale*

Mteja wako anajua mambo. Samurai waliruhusiwa kukata kile kishungi cha nywele mwaka 1871, na mwaka 1876 wakakatazwa kutembea na panga. Picha za deraya za baada ya hapo kwa kawaida ni watu wa studio waliovalishwa. Za miaka ya 1860 unaweza kukuta wenyewe hasa. Tafuta ya Sakamoto Ryoma, iliyopigwa studio ya Ueno Hikoma mjini Nagasaki kabla hajauawa mwaka 1867. Amesimama ameegemea meza, vazi la kisamurai, halafu miguuni buti za ngozi za Kizungu! Hakuna mwigizaji angevalishwa hivyo.

Lakini kwa saluni nina bora zaidi. Mpiga picha Uchida Kuichi alimpiga Mfalme Meiji mwaka 1872, akiwa na mavazi ya jadi ya ikulu, na tena mwaka 1873, amekata nywele, ana sare ya kijeshi ya Kizungu na ndevu changa. Zitundike pamoja, ya kabla na ya baada. Na ukipata nafasi, weka pembeni Kabaka Mutesa na wakuu wake, waliopigwa na Stanley mwaka 1875, uone wafalme wawili waliokutana na kamera karibu wakati mmoja.

Nina postikadi za Kijapani, nyingi, nilizinunua kwenye mnada wa vyombo vya nyumbani. Zina pesa?
*Mfanyabiashara, Entebbe*

Zilichapwa kwa maelfu, kwa hiyo usiache duka. Lakini zigeuze nyuma kabla hujaziuza kwa kilo.

Serikali ya Japani iliruhusu watu binafsi kuchapa postikadi za picha mwaka 1900. Ikiwa upande wa anwani hauna mstari wa kutenga, ni ya kabla ya 1907. Mstari ukiacha theluthi moja tu ya kuandikia, ni ya 1907 hadi 1918. Mstari ukiwa katikati, ni ya baadaye. Maandishi yaliyochapwa juu, kabla na wakati wa vita, husomwa kutoka kulia, jambo lisilomsumbua aliyepitia madrasa.

Muhuri wa posta ndio unaowashinda wengi, kwa sababu mwaka wake huhesabiwa kwa utawala wa mfalme. Mwaka wa Meiji ongeza 1867, wa Taisho ongeza 1911, wa Showa ongeza 1925. Muhuri ukisema 5 na mstari uko kwenye theluthi, hiyo ni Taisho, mwaka 1916. Muhuri huo huo, mstari ukiwa katikati, ni Showa, mwaka 1930. Stempu usiibandue, hata mtu akikuahidi bei yake peke yake. Zenye muhuri unaosomeka na picha iliyopakwa rangi kwa mkono zitenge, uniletee nizione kwa kioo. Zilizobaki, mteja akifika bei unayoitaka, mpe.